Kitanda na Sufuria ya Serikali

Huissier hakubisha mlango kwa vidole. Alichomoa kalamu katika mfuko wa shati, akahakikisha kifuniko kimekaza, akagonga mara tatu kwa upande huo wa kifuniko, kisha akarudi nyuma hatua mbili ili atakayefungua amwone mzima, kuanzia viatu. Walipouliza ndani, "Ni nani?" alijibu kwa neno moja: "Sheria."

Kwa asiyejua, huissier ni mtu wa mahakama. Hakimu akishakata shauri, yeye ndiye anayebeba hukumu mkononi mpaka mlangoni kwa aliyeshindwa, na aliyeshindwa akikaidi, yeye ndiye anayerudi kukamata vitu vyake. Hapa Kolwezi wapo kadhaa, lakini ukisema "Huissier" bila kuongeza neno, sote twajua unamsema nani.

Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, sijui na sitabuni. Ninayoyaandika niliyaona kwanza nyumbani kwa mama, baadaye kutoka kwenye meza yangu iliyokuwa ikitazama lango la mahakama. Hapo nilikuwa na kompyuta, printa na mashine ndogo ya moto ya kufunga karatasi ndani ya plastiki. Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kuchapa kwa kunakili nyaraka zilizoharibika ambazo makarani walizitupa, na maneno ya sheria niliyaokota humohumo, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Kwa sababu hiyo naogopa makosa kuliko mtu aliyefundishwa. Barua ya mistari mitatu naweza kuichapa mara sita. Huissier alilijua hilo akaniita Dactylo, yaani mpiga chapa, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo kikubwa. Sote tulimwita Tata, yaani baba.

"Dactylo, bado unatafuta kosa?"

"Ndiyo, Tata."

"Na kama haiko?"

"Basi mi sijatafuta vizuri."

Alicheka kwa pua. Kwa kicheko alikuwa bahili.

Hukumu, alisema, haipandi pikipiki. Vijana wa taxi-moto walimwita kila asubuhi, "Tata, panda, tukufikishe!" naye alipita na bahasha kifuani, vumbi la malori ya mgodi likimfunika mpaka nyusi. Alipofika karibu na mlango anaoutaka alisimama, akatoa mfukoni soksi kuukuu, akafuta viatu. Nilimuuliza kwa nini ahangaike hivyo wakati anakwenda kumharibia mtu siku. Akasema: "Mutu akipokea habari mubaya kwa mutu muchafu, anaona ni mara mbili."

Sheria inamkataza huissier kukamata baadhi ya vitu: kitanda mtu anacholalia, sufuria anayopikia, jembe analolimia. Wenzake waliitii sheria hiyo. Huissier aliinenepesha. Sufuria ikiwa jikoni yenye chakula, hakuanza kazi kabisa. Aliketi akangoja bukari, ule ugali wetu, uive, na mara nyingi akakaribishwa, akanawa, akala, akashukuru, kisha akasimama kuandika friji. Mfanyabiashara mmoja wa Musonoi aliyewauzia wachimbaji maji baridi alimkuta mlangoni saa nne asubuhi. Huissier alikaa juu ya kreti tupu mpaka chupa ya mwisho ikauzwa, ndipo akalichukua friza. "Maji haina kosa," alisema. Yule mfanyabiashara hajaacha kumlaani, lakini kila anapomlaani husema pia habari ya zile chupa.

Safari nyingine alipanda lori hadi Sandoa kumpelekea mtu karatasi, akamkuta amefiwa na dada yake. Alikaa na waombolezaji siku tatu, akachota maji, akapasua kuni. Siku ya nne, watu walipokwisha kuoga kumaliza matanga na kutawanyika, alichomoa kalamu akamgongea mwenyeji wake mlango ule ule alioutokea muda mfupi kabla.

"Ni nani?"

"Sheria."

"Lakini Tata, shi ulilala hapa!"

"Mi njo nililala hapa. Sheria ilikuwa inangoja inje."

Usidhani alikuwa mpole tu. Alimchukulia mdogo wake wa tumbo moja televisheni, mbele ya watoto, huku mpira ukichezwa. Aliogopa mbwa, hata vitoto vya mbwa, na sisi wa mbele ya mahakama tulimcheka kwa hilo. Na jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba mtu huyu, aliyeishi kwa ahadi walizovunja wengine, yeye mwenyewe hakuahidi kitu. Umwalike harusini, atakujibu, "Nitaona." Umuulize kama kesho atapita, "Nitaona." Mkewe aliniambia kwamba hata ripoti za shule za watoto alizitia sahihi yeye mama, baba alisoma kila alama, akairudisha karatasi kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. "Mukubwa anashindwaka siku moja tu," alipenda kusema, "siku anaandika." Nilidhani ni mzaha wa kikazi.

Sasa nyumba ya mama.

Ni nyumba ya vyumba vinne na sebule, ya matofali ya kuchoma, ambayo baba aliimaliza mwaka mmoja kabla ya kufa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Serikali ilipomwomba mama nyumba hiyo iwe ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya mtaa. Waliandika mkataba. Serikali itakaa miaka mitano, kisha itairudisha ikiwa na bati mpya juu na choo cha kisasa nyuma. Mama alikubali kwa moyo mzima. Kwake ilikuwa heshima. Tukahamia kwenye chumba kimoja cha uani, sisi wanne, tukipangana kama vitabu.

Miaka mitano ikaisha, ofisi ikabaki. Nimekulia uani mwa nyumba yetu wenyewe. Jumamosi tulisikia vigelegele vya maharusi waliofungishwa ndoa sebuleni petu. Chumba nilimozaliwa kikawa cha madaftari ya vifo. Bati zilitoboka, na mvua iliponyesha makarani walituomba mabeseni.

Mama alishitaki, na akashinda. Hakimu alisoma kwamba Serikali ilivunja mkataba na inapaswa kutoka. Jioni ile mama alipika kuku. Huissier akaja kumletea nakala yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona kwa karibu: mrefu, mkavu, koti la kijivu lenye kiraka safi kwenye kiwiko. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikakaa kizingitini nisikose neno.

"Mama, ulishinda," alisema.

"Nilisikia, Tata. Sasa batatoka siku gani?"

"Siku batapenda."

Mama akadhani anataniwa. "Namna gani siku batapenda? Wee shi unafukuzaka batu? Ya jirani hapa, ulikuya na polisi, ukabeba mpaka mapazia!"

"Jirani ni mutu, Mama. Hapa ni Leta."

Leta ndivyo watu wa Katanga wanavyoiita Serikali, tangu enzi za mababu. Akaweka kofia gotini, akaeleza polepole, na maelezo yake sijayasahau.

"Leta unaweza kuishitaki. Unaweza kuishinda. Lakini kuikamata, apana. Bitu yake ni ya batu bote, haikamatwake. Ofisi yake inatumikia batu bote, haifungwake kufuli. Kwa mutu, sheria inanikataza kitanda na sufuria. Kwa Leta, kila kitu ni kitanda na sufuria. Kiti ni kitanda. Kalamu ni sufuria. Mi nitafika pale na mikono mitupu, na nitarudia nayo mitupu."

"Basi ile karatasi inanisaidia nini?"

"Karatasi ni yako. Kazi ni yangu. Hukumu inalalaka, Mama. Mi nitakuwa naiamusha."

Hakusema "Nitaona." Mama hakuligundua hilo, kwa sababu alikuwa hamjui bado.

Tangu hapo, kila mwaka, siku ile ile hukumu iliposomwa, Huissier alitembea hadi nyumbani kwetu, akafuta viatu kwa soksi, akagonga kwa kalamu mlango ambao tayari ulikuwa wazi. Alimkabidhi mkuu wa ofisi nakala moja, na ile ya mama akaigeuza upande wa nyuma ili agongewe muhuri wa kupokea. Hakuna kifungu kilichomwagiza kurudia kila mwaka. Ilikuwa desturi aliyoianzisha mwenyewe, na ndani ya chombo hicho hicho cha Serikali kilichomwajiri. Wenzake walimwonya. Aliwajibu kwamba anaipenda Serikali kuliko wao. Ndiyo maana hataki iitwe mwongo.

Makarani waliifanya sikukuu yao ya kucheka.

"Tata wa anniversaire amefika! Leo hukumu inatimiza miaka ngapi? Keki iko wapi?"

"Keki, muko munaikalia," alijibu, bila kuinua macho.

Muhuri ukagongwa. Mwaka ukapita. Wakuu wa ofisi walibadilika; kila mmoja aligonga muhuri haraka, karatasi ikiwa bado mkononi mwa Huissier, kama mtu anayefukuza nzi. Miaka saba, mihuri saba, ya buluu na ya zambarau, mingine imepinda, mmoja una alama ya dole gumba. Huissier hakuwahi kunywa hata maji ndani ya nyumba ile. "Mi sinywake kwa mutu wakati mwenye nyumba amekaa inje," alisema, kisha akaja uani kwetu akanywa vikombe viwili.

Nafika kwenye kosa langu.

Mwaka wa nane ulikuwa wake wa mwisho kazini. Angepokea barua ya kustaafu mwezi uliofuata, na huissier mpya aliyetazamiwa kushika mtaa wetu alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba yeye hatapoteza soli za viatu juu ya Serikali. Mama alinipa hukumu niitunze mpaka siku yenyewe. Nikaitazama. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kupasuka, kona moja imeliwa, mafuta ya taa yameingia ukurasa wa pili. Nililala vibaya siku mbili. Nikajiambia, karatasi hii imetubeba miaka yote hii na hakuna aliyeihurumia. Nikainyoosha chini ya vitabu vizito. Nikaifuta vumbi kwa pamba. Kisha, kwa upendo wote nilionao na kwa kingo zilizonyooka kabisa, nikaipitisha kwenye mashine ya moto, ukurasa kwa ukurasa, nikaivisha plastiki. Hapa kwetu kila chenye thamani huvishwa plastiki: diploma, kadi ya kura, picha ya marehemu. Ilitoka inang'aa kama kioo. Nilijivunia. Naandika neno hilo kwa aibu.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkabidhi Huissier mbele ya mahakama. Aliishika, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya mihuri saba. Kidole kiliteleza.

"Dactylo."

"Tata?"

"Muhuri utakaa wapi?"

Kabla hajamaliza kuuliza nilikwisha kuelewa. Nilichukua wembe nikajaribu kuipasua plastiki pembeni. Wino wa muhuri wa kwanza ukaanza kuinuka nayo. Akanizuia mkono. Nikamwambia tutoe fotokopi. Akasema fotokopi ni picha ya mutu, haiko mutu; na zaidi ya hayo, kwenye ukuta wa ofisi ile kulikuwa na tangazo kwamba fotokopi haigongewi muhuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyelichapa. Nilitaka vumbi la malori linimeze pale pale.

"Twende," alisema.

"Tutaenda kufanya nini?"

"Siku ni leo. Kama iko na plastiki, itaenda na plastiki."

Tulitembea. Mama alitufuata kutoka uani akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kama alivyofanya kila mwaka. Soksi, viatu, kalamu, hatua mbili nyuma. Makarani wakaanza wimbo wao wa keki. Mkuu wa ofisi alikuwa mpya, mwanamke aliyenizidi miaka michache, na mikono yake ilikuwa na harakati za mtu mwenye watu kumi wanaomngoja. Akavuta kidau cha wino, akagonga muhuri juu ya plastiki. Alipouinua, duara la buluu likatiririka kama machozi. Akalifuta kwa dole gumba, akagonga tena. Likatiririka tena. Makarani waliangua kicheko, na mmoja akasema, "Tata, mwaka huu hukumu imevaa koti ya mvua!"

Nilikuwa nikilia, sitaficha. Nilimtazama Huissier nikitaraji ataniaibisha au ataniokoa. Hakufanya lolote. Alisimama tu, akamtazama yule mkuu.

"Sasa nifanye nini, Tata?" mkuu akauliza.

"Kama mulipokea, muandike ya kama mulipokea."

"Niandike wapi?"

Huissier alivuta karatasi nyeupe katika jalada nililobeba, akaiweka mbele ya mkuu, akaweka na kalamu yake juu. Ile ile ya kugongea milango.

"Niandike ya kama nilipokea nini?"

"Ile unaona."

Ndipo jambo la ajabu likatokea, ingawa kwa macho lilikuwa dogo. Yule mwanamke aliinama akaanza kusoma. Kumbe katika miaka saba hakuna aliyesoma! Muhuri haudai kusoma. Ni mkono tu unaokwenda juu na kushuka. Lakini huwezi kuandika kwa sentensi yako mwenyewe kwamba umepokea kitu bila kujua ni kitu gani. Alisoma ukurasa wa kwanza midomo ikicheza. Akasoma wa pili, palipoingia mafuta ya taa, na plastiki yangu, nakiri, ilifanya maandishi yaonekane vizuri. Kicheko kilikauka meza hadi meza. Kule migodini walilipua baruti ya mchana, kabati la madaftari likatetemeka, na yeye hakuinua kichwa.

Alipomaliza alitazama dari lenye madoa, kisha akamtazama mama.

"Mama, hii nyumba ni yako?"

"Ni yangu, mwanangu."

"Na wee unalalaka wapi?"

"Hapo nyuma. Pale munamwangaka maji."

Mkuu wa ofisi alifunga macho kidogo. Akamuuliza karani mzee kama vile vyumba viwili vya jengo la Serikali karibu na soko, walivyopewa zamani, bado viko vitupu. Karani akasema viko. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika barua ya kuhama. Huissier akakohoa kwa sauti ya chini. Sijui kama ilikuwa vumbi.

Akaandika. Aliandika kwamba amesoma hukumu, kwamba nyumba ni ya mama, na kwamba ofisi itatoka kabla mvua hazijaanza. Akatia sahihi, akachukua muhuri. Safari hii wino ulishika.

Huissier aliichukua barua, akaipuliza ikauke, akanipa mimi. Tulirudi kwa miguu mpaka mbele ya mahakama.

"Tata, nisamehe juu ya ile plastiki."

"Mi nitakusamehe nini? Miaka saba niligonga mulango, banafungua, habatoke. Leo kosa yako iligonga." Kisha akanionyesha barua kwa kidevu. "Lakini hii, hapana kuitia ku mashine."

Walitoka. Mabega ya makarani yalibeba madaftari ya vizazi kwanza, ya ndoa baadaye, ya vifo mwisho, siku nne kabla ya mvua ya kwanza. Bati mpya bado hatujaziona, wala choo. Mwezi ujao nitaibeba hukumu mwenyewe, pamoja na karatasi nyeupe, nimtafute mtu wa kuandika. Sina cheo cha kunilazimu, lakini nimemwona mtu akifanya, na najua inavyofanywa.

Huissier alistaafu, akaenda kulima karibu na Kasaji. Kabla hajaondoka mama alimwambia, "Tata, sebule ni yangu sasa. Utakuya kula."

"Nitaona," alisema, na mimi na mama tukatazamana. Tulijua maana yake.

Jumapili moja baada ya misa, mama akiwa jikoni na mabeseni matatu yakipokea maji yaliyodondoka darini, mlango wa mbele uligongwa. Mgongo wa kidole, taratibu, mara moja. Nilipochungulia dirishani nilimwona kwa ubavu: koti la kijivu, baiskeli imeegemezwa ukutani, gunia dogo la mihogo miguuni. Viatu vilikuwa na matope mpaka juu, na mfuko wa shati ulikuwa mtupu. Alikuwa amesimama karibu sana na mlango, kama wanavyosimama wageni.

Mama akaita kutoka jikoni, "Ni nani?"

Niliona midomo yake ikijiandaa, nikadhani nalijua lile neno.

Akataja jina lake. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kulisikia.

"Karibu, Tata," mama akasema. "Ingia, bukari iko tayari."